Si Mikono Yako, Baba

Singida, Jumapili mchana

Baba yangu mkwe,

Shikamoo. Naitoa salamu hii nikiwa nimeinama juu ya meza ya cherehani, kwa hiyo adabu ipo. Kabla ya kushika kalamu nilimpigia mama yangu, huko Ipyana, nikamuuliza kama mkamwana anaweza kumwandikia baba mkwe. Alicheka mpaka akakohoa. "Kilichokatazwa ni kuonana uso kwa uso," akasema. "Karatasi ina uso gani?" Basi nikapata ujasiri.

Mgongo unaendeleaje? Kakao zimeiva, au mvua inaziozesha mtini kama mwaka jana? Sisi huku ni wazima. Mwanao Ambakisye bado yuko kwenye gereji ya mabasi, anarudi na grisi hadi masikioni. Lusekelo anaongea kutwa nzima na ni mbishi ajabu. Baba yake anasema ubishi huo kaurithi kwako, mimi simo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Krismasi tulipokuja Bujonde, wewe ulihamia kwenye kibanda cha shambani mpaka tulipoondoka. Kunikwepa mimi si ajabu, ndiyo kutila, mwiko wetu wa mkamwana na baba mkwe kutoonana, na mimi nikisikia kengele ya baiskeli yako najibanza nyuma ya migomba kama kawaida. Lakini Lusekelo hana mwiko na babu yake. Alishinda mlangoni akiuliza babu amekwenda wapi. Mama mkwe ndiye aliyenitobolea siri tukiwa jikoni: kwamba unaamini mikono yako ndiyo iliyonikausha maziwa, na umeapa hutashika tena mtoto mdogo, wa kwetu wala wa jirani. Baba, niliumia sana. Nililia, nikasingizia moshi.

Ile siku ya mafuriko naikumbuka vizuri kuliko mnavyodhani. Ambakisye alikuwa huku Singida, Mama mkwe alikuwa msibani, na uchungu ukanishika ghafla. Bibi Subilaga jirani alinizalisha salama, lakini baada ya hapo damu ikagoma kukatika. Barabara ilikuwa maji matupu, hakuna pikipiki iliyothubutu kufika. Nilisikia Bibi Subilaga akikupigia kelele uani, "Ingia ndani, mzee! Utamwogopa mkweo mpaka afe?" Ukaingia. Ukanipakia kwenye baiskeli, ukanifunga kwa kanga nisianguke, ukaikokota ile baiskeli ndani ya maji mpaka lami, kisha mpaka kituo cha afya, Bibi akifuata nyuma na mtoto. Njia nzima ulikuwa unaniita, "Mwanangu, unanisikia? Itika basi!" Sikuitika. Mama mkwe anasema ulipofika kituoni uliwaambia wauguzi kwamba umeleta maiti.

Waliniongezea damu, nikapona. Lakini maziwa hayakutoka hata tone. Nikaanza kuona baridi, huko kwetu Kyela na joto lile, mimi nimevaa sweta wakati watu wanajipepea. Nywele zikapukutika, hedhi ikapotea, kubeba ndoo ikawa kazi ya kupumzika njiani. Majirani wakaanza kunong'ona: mkwe amemshika mkwe, unategemea nini? Wewe ukatoa ng'ombe wako ili mambo yatakaswe. Ng'ombe akaliwa, na mimi nikabaki vilevile. Ambakisye alipokuja kunichukua, nilifika Singida na sweta langu.

Juzijuzi nilipata homa ndogo tu, ya kumaliza kwa dawa na uji, nikaanguka sokoni. Nikapelekwa hospitali kubwa Dodoma. Daktari mmoja mama mtu mzima alilitazama lile sweta, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Ulipojifungua, ulitokwa na damu nyingi? Na mtoto alinyonya?" Nikamweleza yote. Wakanipima damu, wakanipiga picha ya kichwa.

Baba, tatizo halikuwa kwenye matiti wala kwenye ukoo. Liko kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Ubongo unaituma, na yenyewe inapeleka homoni kwenye damu, ndizo amri zake. Titi litengeneze maziwa, tezi ya shingoni itie mwili joto, tezi zilizo juu ya figo zitoe nguvu ya kuhimili ugonjwa, hedhi ije kwa wakati wake. Nilipoelezwa hayo nilikukumbuka wewe na hadithi zako za bandari ya Itungi, ulipokuwa unapakia mizigo melini. Ambakisye alinisimulia ulivyomwambia, kwamba nyapara akiwa hayupo, watu wenye misuli yao walikaa juu ya magunia, kwa sababu hakuna aliyewaita. Ndivyo nilivyokuwa mimi. Matiti yalikuwa mazima kabisa, yanasubiri kuitwa.

Na nyapara huyo aliuawa na damu iliyomwagika. Mwanamke akiwa mjamzito tezi hiyo inakua na kutaka damu zaidi, kwa hiyo damu ikipungua ghafla ndiyo inayoumia. Mimi iliumia pale pale nyumbani, kitandani, kabla hujanigusa. Nilimuuliza daktari mara mbili ili nisije nikakudanganya. Akaniuliza nani alinifikisha kituoni. Nikasema baba mkwe, kwa baiskeli, ndani ya maji. Akasema, "Angekawia kidogo tu, leo tusingekuwa tunaongea. Umemshukuru?" Nikamwambia kwetu hatusemeshani. Akaweka kalamu chini, akanitazama.

Sasa natumia vidonge vinavyofanya kazi ya zile amri. Ni vya maisha, na nikiugua homa lazima niongeze kama nilivyoelekezwa. Sweta sasa nimeuvisha mtungi wa maji. Kuhusu mtoto wa pili, daktari amesema dawa zipo lakini hakuniahidi kitu, na mimi sitakuahidi wewe. Huyu mmoja tuliye naye, Baba, yupo na ana mama kwa sababu ya mikono yako. Hao wanaonong'ona wasomee barua hii, ukitaka wasomee kwa sauti kanisani.

Tunakuja kwenye mavuno ya mpunga. Naomba usihamie shambani. Mimi nitakaa upande wangu wa migomba, nitatazama chini kama ninavyotakiwa, wala hutaniona. Lusekelo nitamwachia mkono pale uani, na yeye hajui kutembea, anajua kukimbia. Naomba akufikie.

Mama mkwe nampigia magoti, na kitenge chake kimo kwenye kifurushi hiki kinacholetwa na kondakta. Bibi Subilaga, mkunga wetu, msalimie kwa kelele kama zile zake. Mzee Salimu wa dukani mjini, aliyekuwa akitufungulia mlango hata Ijumaa wakati wa swala tukihitaji kopo la maziwa ya mtoto, mwambie mtoto huyo sasa anakula ugali na samaki. Wifi yangu mdogo aache uvivu wa kunijibu ujumbe.

Nimebakiza moja. Siku ile kwenye baiskeli sikuwa nimezimia. Nilikuwa nakusikia kila ulipoita, na sauti yako ndiyo niliyoishikilia nisilale. Sikuitika kwa sababu mkamwana hamwitikii baba mkwe, na hata kufa nilitaka nife na adabu. Ndaga fijo, Tata, asante sana. Uliniita mwanangu njia nzima, na mpaka leo hujajibiwa.

Abee, Baba.

Mama Lusekelo