Jani la Ndizi kwa Muzizi wa Jino

Kahindo mujukuu wangu,

Hapa Mususa tuko muzima, na mama yako mudogo wa Beni amejifungua mutoto mwanaume. Picha ya mashini yenu ya meno imenifurahisha, vile inazungukaka jino pande zote na kupima ukubwa wa ngozi ya muzizi. Unauliza siye, wakati wa vita, tulipimaka na nini.

Na jani la ndizi. Munganga wa meno mwenye alitumwa huku toka Kinshasa alitaka kung'oa jino la mwalimu mumoja, juu eti muzizi wake ni mudogo, hauwezi kushikilia jino la bandia lenye lingefungwa pembeni yake. Lakini picha yake ya rayon X ilionyesha upande mumoja tu. Mimi, infirmière wake, muuguzi wa kumusaidia, nikatwaa jino lenye kufanana na lile kati ya yale tuling'oa, nikafunga muzizi na jani changa, vile tunafungaka chakula, nikalifungua jani, nikalitandika kwa cahier, daftari ya miraba, kusudi nihesabu miraba yenye linafunika. Kisha nikaenda kula. Kurudi, jani limekauka, linafunika miraba kidogo tu.

"Unaona, mama? Ni mudogo," munganga akacheka.

"Docteur, jani ndilo limepungua, si muzizi."

Nikafunga jani lingine, nikalichora kwa miraba likiwa bichi. Miraba ikapita ile kitabu chake cha meno kiliomba kwa muzizi wa kushikilia jino la bandia. Akaweka koleo chini.

Tangu pale, kipimo kikinishangaza, naangalia kwanza kitu nilipimia nacho.

Yule mwalimu ni koko wako mwanaume, babu yako. Yuko hapa karibu, anatafuna muhindi wa kuchoma na jino lile lile, na ananiambia nimalize barua.

Koko wako