Msamaha Alioukataa Baba Mdogo

Baba,

Leo nimepumua. Nimeona nikuandikie kabla watoto hawajarudi kutoka shule, maana nikikaa na jambo hili moyoni hadi jioni nitalia tena, na nimechoka kulia, hata kwa furaha.

Baba Mdogo amekiri.

Najua hapa ungenikatiza. "Amekiri nini? Anza mwanzo, Subira." Haya, naanza mwanzo.

Tangu tukuzike, Mama anakaa kwangu Norsborg. Anakula vizuri, ingawa bado anasonga ugali wa watu wengi kuliko tulivyo. Nyumba yenu ya Hjulsta wamepewa watu wengine. Nilipita chini ya dirisha lako juzi, nikaona wameweka mapazia ya njano. Ungewacheka.

Na siku hizi nakuwaza sana na yule rais wako wa Marekani. Ulikuwa mwanafunzi, umefika Stockholm juzi juzi tu, Kiswidi chako cha kuombea mkate. Ulitusimulia jinsi watu wake walivyovunja ofisi za chama pinzani, naye akasaidia kuficha, akaapa kwamba hahusiki, mpaka sauti yake mwenyewe iliyonaswa kwenye kanda ikamuumbua. Mlijazana kwenye jiko la bweni, mkamwona katika televisheni akipunga mikono na kupanda helikopta. Hakuna risasi hata moja. Ulipiga makofi peke yako, halafu ukaona haya. "Kumbe mkubwa anaweza kuondoka!"

Lakini kilichokukaa rohoni si kuondoka kwake. Ni kwamba aliyempokea kiti alimsamehe kabla hata hajashtakiwa, ati nchi itulie. Hilo lilikukera mpaka uzee wako. "Wamemnyima nafasi ya kusema nimekosa," ulikuwa ukisema. Sisi watoto tulikuwa tukiiona hadithi hiyo inakuja, tunakimbilia kuosha vyombo.

Kisha yakatufika sisi wenyewe.

Baba Mdogo alikuwa mwenyekiti wa umoja wetu wa Waswahili, na muhula wake ulikuwa umekwisha. Siku ya uchaguzi ilipokaribia, akatangaza kwamba mkutano umeahirishwa: hakuna ukumbi, katibu hakuukodi. Katibu alikuwa Furaha, yule dada Mkongo wa Södertälje. Kumbe ukumbi ulikuwa umekodiwa, na aliyepiga simu kuufuta ni Baba Mdogo, ameketi sebuleni kwako, wewe ukimsikia kutoka jikoni. Ulimwambia aende akaseme ukweli. Akakataa. Ukaenda kuusema wewe, mbele ya wote, naye mdogo wako akasimama akakuita mwongo na msaliti wa damu. Watu wakagawanyika. Furaha akajitenga, akawa hapokei simu ya mtu.

Miaka yote iliyofuata, wasuluhishi waliokuja uliwapa chai na jibu lile lile: "Nimsamehe nini? Mwenyewe anasema hajafanya kitu." Nami, Baba, nilikuona mgumu. Ulipolazwa nilikuomba nimwite. Ulinishika mkono. "Mwambie mlango sijaufunga," ulisema. "Ila aingilie mlangoni, si dirishani."

Nilimwambia siku ya mazishi. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na lango la makaburi, theluji inamwangukia kichwani, hana kofia. Aliitikia kwa kichwa tu, akaenda zake.

Sasa sikiliza. Viongozi wapya wa umoja walinipigia simu. Walitaka yaishe. Kwenye mkutano mkuu, mimi nisimame kwa niaba yako, nitamke kwamba familia imesamehe, Baba Mdogo apewe mkono, tule pilau. Nikakubali. Usinikasirikie. Mama alitaka kumwona shemeji yake mezani kwetu kabla naye hajakufuata. Mimi nilitaka usingizi tu. Furaha naye alialikwa, na sikudhani angekuja. Alikuja. Aliketi kiti cha mwisho, koti hajavua.

Nikaitwa mbele. Nilikuwa nimeanza, "Kwa niaba ya marehemu baba yangu..." Baba Mdogo akainuka.

"Ngoja, mwanangu. Usiseme bado."

Hata watoto waliokuwa wakikimbizana nyuma ya viti na Kiswidi chao walitulia.

"Kaka alikuwa na hadithi yake ya yule rais," akasema. "Nilikuwa nikimcheka. Yule bwana alisamehewa kabla hajafungua kinywa. Mimi kinywa ninacho, na leo nimepewa nafasi. Msininyang'anye."

Kisha akageuka. Si kwangu. Kwa Furaha.

"Ukumbi niliufuta mimi. Wewe uliukodi. Niliogopa kushindwa, nikakutwisha mzigo wangu kwa sababu hapa mjini hukuwa na ndugu wa kukutetea. Na kaka yangu alisema kweli. Nikamwita mwongo. Amekufa bado namwita mwongo..."

Alilia, Baba, mtu mzima yule, kwa sauti, na hakuna aliyemkimbilia. Nadhani sote tulielewa kwamba kilio kile ni chake, tumwachie.

Furaha akasema, kwa ile lafudhi yao ya Bukavu, "Papa, nimekusikia. Na watu wamesikia. Leo mkono siwezi kukupa. Lakini koti nitavua."

Akalivua, akalitundika kwenye kiti. Alibaki mpaka mwisho. Alikula pilau, akaongeza.

Mimi yale niliyoitiwa sikuyasema tena. Nilimshika tu Baba Mdogo nikamketisha karibu na Mama, na Mama akamfuta uso kwa kanga yake, akamwambia, "Umekonda, shemeji. Nani anakupikia?" Hapo ndipo nilipojisikia mwepesi. Nilijua kwamba hukuwa mgumu, Baba. Ulikuwa unamngoja.

Tulipokuwa kwenye treni kurudi nyumbani, mjukuu wako aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini babu mdogo alilia wakati hakuna aliyemgombeza. Nilijaribu kumjibu kwa Kiswahili, nikababaika. Wewe ungemjibu vizuri zaidi, na hadithi ndefu juu yake. Safari hii ningeketi nikaisikiliza yote.

Jana Furaha alinipigia simu. Hakumtaja Baba Mdogo hata kidogo. Aliuliza tu kama Mama bado anapenda dagaa, kwa kuwa kuna mtu anamletea yeye kutoka kwao, naye angemgawia. Sikutaka kuuliza zaidi ya hapo.

Buriani kwa leo, mzazi wangu. Jumapili theluji ikiwa imeyeyuka tutakuja makaburini, mimi, Mama na mdogo wako. Nakuahidi sitasimama katikati yenu. Nitamchukua Mama tuzunguke, tutazame maua ya watu, tusiwe na haraka. Nyinyi wawili zungumzeni hicho Kihaya chenu ambacho hamkutufundisha. Hata upepo ukiniletea maneno, sitasikia kitu.

Mwanao,
Subira