Mihuri ya Wiki Nane

Jumatatu, 3 Julai 1995

Niliingia Mwanza jana. Treni ilichelewa kama kawaida yake. Mama mdogo Akinyi alinipokea stesheni, akanitazama juu mpaka chini, akasema chuo kinanikausha. Nakaa kwake Mkolani mpaka fildi, haya mafunzo ya vitendo kazini, iishe. Wiki nane! Bila fildi sipandi mwaka wa tatu, narudia. Hilo limeandikwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha fildi, kwa herufi kubwa, ili hata wajinga waelewe.

Leo nimezunguka na barua zangu tano. Viwanda vya minofu ya sangara vimeota kando ya ziwa kama uyoga, kila kimoja na ukuta wake, geti lake na mlinzi wake. Mlinzi wa kwanza: bosi yuko Nairobi. Wa pili: acha barua hapo. Wa tatu aliichukua, akaisoma yote kwa utulivu, akasema mwandiko mzuri, akanirudishia. Nilikuwa nimeipiga taipu.

Nasomea sayansi ya chakula. Mimi mtoto wa Shirati, kupara samaki najua tangu darasa la pili. Kiwanda cha samaki sijawahi kukiona ndani.

Baba alinipa kimemo, endapo mambo yatakuwa magumu. Sitaki kukitumia. Nitakitumia.

Jumatano, 5 Julai

Nimekitumia. Ni cha kwenda kwa Bwana Masalu, aliyekaa dawati moja na baba shuleni. Sasa ni mkuu wa maabara kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba, mali ya ushirika. Nilipofika nilishangaa ukimya. Kiwanda cha mafuta, mwezi wa saba, msimu wenyewe wa pamba — na nasikia njiwa wakitembea juu ya bati!

Alitoka na koti jeupe lililopigwa pasi. Shikamoo. Marahaba, binti Odoyo, paji la uso ni la baba yako. Akanieleza hali bila kulalamika. Tangu biashara iachiwe huru, wafanyabiashara binafsi wanawahi vijijini na fedha taslimu. Mkulima anawauzia wao, na ushirika unabaki na magunia matupu. Mitambo imesimama tangu Februari. Yeye anakuja kila siku saa moja na nusu asubuhi, anafuta vumbi kwenye vyombo vya maabara, anarudi nyumbani saa tisa na nusu.

Nikamuuliza nitajifunza nini basi. Akafikiri kidogo.

"Muhuri upo, wino upo. Kazi ndiyo haipo."

Akavuta kitabu changu cha fildi, akagonga. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu — mpaka ya nane! Kila mmoja akausaini kwa mwandiko ule mzuri wa watu wa zamani. Akajaza na fomu ya chuo kwamba niko kwake. Alisema ni ili nisihangaike. Nikamshukuru. Ningefanya nini? Kumwambia rafiki wa baba afute?

Kwa hiyo kitabu kimemaliza fildi. Mimi sijaanza.

Ijumaa, 7 Julai. Sabasaba

Sikukuu. Mama mdogo anauza mapanki — vichwa na mifupa ya sangara, minofu ikishakwenda Ulaya. Watu wa viwandani anawajua kuliko wakurugenzi wao. Anasema barua haifungui geti. Niende kiwanda cha kina Hasham, kule nilikoambiwa niache barua, alfajiri, nionekane kwa macho. Tena nivae gambuti zake, yale mabuti ya mpira, mle ndani ni maji matupu. Nikamwambia mtu haendi kuomba fildi na gambuti. Akasema haya, nenda na viatu vya kanisani, utarudi navyo mkononi.

Jumatatu, 10 Julai

Nilivaa gambuti.

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa getini. Watu kama themanini, mstari mrefu. Nikajipanga na bahasha yangu. Akatoka mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni, Ngosha, nyapara. Akapita mbele yetu akitazama miguu. Miguu tu! Akaninyooshea kidole: wewe wa gambuti, ingia. Nikajua barua yangu imesomwa. Nilijiona mtu!

Ndani wakanipa aproni, kofia na kisu. Mwenyewe nikasubiri usaili. Saa nne nilikuwa bado na kisu, natoa miiba na mafuta ya tumbo kwenye minofu, ndipo mama aliyesimama pembeni yangu aliponifungua macho. Ule ni mstari wa vibarua. Mwenye gambuti zake anachukuliwa kwanza kwa sababu za kiwanda hazitoshi. Bahasha ilikuwa kifuani chini ya aproni, imelowa chapachapa.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikaendelea kukata.

Alhamisi, 13 Julai

Siku ya nne. Naweza kusema bila kujisifu kwamba nimejifunza zaidi ya muhula mzima. Nimejua samaki aliyechelewa kuwekwa barafu kabla hata sijamgeuza: mnofu ukiubonyeza, shimo la kidole linabaki. Chuoni tuliliandika jambo hilo kwenye daftari. Sasa linajulikana na kidole changu.

Nilimwomba Ngosha anipe karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba nipo pale. Alinishangaa. Kibarua ana barua? Jina lake linaandikwa asubuhi, jioni linafutwa.

Asubuhi aliwasalimu watu Kisukuma. Nami nikajibu, kwa kujitia. Mstari mzima ukacheka. Nimecheka nao, sikujua nimesema nini.

Jumanne, 18 Julai

Ratiba yangu: alfajiri kwa sangara, saa nane natoka, saa tisa kasoro nipo kwa Bwana Masalu. Siwezi kutokwenda kabisa, baba ataulizwa. Halafu, kusema kweli, napenda. Ananipitisha kwenye mitambo iliyolala na kunieleza kama vile inafanya kazi. Hapa mbegu zinaingia, hapa zinamenywa, hapa zinapikwa, sikiliza sasa, hapa panatakiwa pawe na mlio kama wa mvua. Anainamisha kichwa. Na mimi nainamisha. Hakuna kitu, njiwa tu.

Leo alinusa. Akauliza kama mama mdogo amenituma sokoni. Nikasema ndiyo. Nimemdanganya mtu aliyenidanganyia wiki nane, kwa hiyo tumelipana. Ndivyo nilivyojiambia njiani. Haikusaidia.

Jumatano, 26 Julai

Mambo!

Asubuhi yaliletwa makreti ya sangara kutoka boti moja. Nikabonyeza wa kwanza, shimo. Wa pili, shimo. Nikaanza kuwatenga upande. Ngosha akaja juu: nani kakwambia uchague, wewe kazi yako kukata! Kelele zikamtoa dada Nisha wa maabara. Ni mwembamba, anaongea taratibu, wote wanamwogopa. Akachoma kipimajoto ndani ya mnofu, akatazama, akachoma mwingine. Akaamuru makreti yote yatolewe. Kisha akanigeukia.

"Nani kakufundisha?"

"Chuo, dada."

"Chuo gani kinafundisha vibarua?"

Nikamweleza yote, gambuti na bahasha. Hakucheka, ila midomo ilimcheza. Akasema anahitaji mtu maabara, mwanafunzi wa kweli, wiki zote zilizobaki. Na mwakani nikimaliza chuo kutakuwa na nafasi moja ya ajira, angependa mtu anayemjua. Ajira! Wenzangu wanazunguka Dar na vyeti kwenye bahasha, soli zimekwisha.

Akaomba kitabu cha fildi. Nilikuwa nacho. Akafunua. Wiki ya kwanza, muhuri. Ya pili, muhuri. Akaenda mpaka mwisho, polepole. Kisha akanirudishia. Alisema hana mahali pa kugonga muhuri wake, na hawezi kumpokea mtu ambaye kwa maandishi yuko kwingine. Nimletee barua ya huyo Bwana Masalu, ieleze kwamba sikufanya fildi kwake, chuo kinipe kitabu kipya. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Bosi anasafiri siku hiyo na majina ya waliopokelewa anakwenda nayo.

Barua moja tu.

Alhamisi, 27 Julai

Nilikwenda niombe. Mlinzi wa kiwanda cha mafuta akaniwahi getini, ana furaha, ananiita mkombozi. Kumbe kamati ya ushirika ilipita jana. Wanapunguza watu. Maabara ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, lakini Bwana Masalu aliwaonyesha fomu yangu: tuna mwanafunzi wa chuo kikuu, maabara inafundisha. Wakaiacha mpaka waone wenyewe.

Nikaingia. Nikasikiliza mlio wa mvua usiokuwepo. Sikuomba.

Jumatatu, 31 Julai

Simu ya maandishi kutoka chuoni: Dokta Maige, msimamizi wetu, atapita Ijumaa saa tatu. Atakwenda kule nilikoandikwa kwenye fomu. Kwa mafuta.

Ijumaa ileile! Saa tatu Dokta Maige, saa nne dada Nisha. Mama mdogo anasema samaki wawili hawakamatwi na mkono mmoja. Nikamuuliza ashikwe yupi. Akasema yeye anauza mapanki, maswali ya minofu niwaulize wenye minofu.

Alhamisi, 3 Agosti

Njia nzima nilifanya mazoezi ya sentensi moja. Nilimkuta Bwana Masalu amekunja mikono ya shati, mara ya kwanza kumwona bila koti. Juu ya meza kuna debe la mbegu za pamba. Ameziomba kwa mfanyabiashara binafsi — mmoja wa walewale! Kuna mashine ndogo ya kukamulia ya mkono, ameitoa stoo, ameisugua inang'aa. Kesho Dokta asikute vumbi, akasema. Akute mafuta.

Sentensi ikanitoka kabla sijaikamata. Nikamwambia kuhusu kiwanda, kisu, dada Nisha, barua. Sikulia. Nilitaka.

Alinawa mikono. Alinawa muda mrefu. Akasema harufu aliijua tangu siku ya kwanza, amekulia Busisi, kando ya ziwa, sangara haendi kujificha kwa mtu wa Busisi. Akakaa kwenye taipureta, akapiga kwa vidole viwili. Akasaini. Akagonga muhuri. Akakunja.

"Hii ndiyo ningekupa siku ile, mwanangu."

Nimeisoma nyumbani. Mistari mitatu. Mwanafunzi hakufanya mafunzo hapa. Kiwanda hakifanyi kazi. Mihuri niligonga mimi, yeye asiadhibiwe.

Naona aibu. Pia nimefurahi. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, na sijui kipi kikubwa.

Ijumaa, 4 Agosti. Saa tatu na dakika thelathini na tano, maabara ya kiwanda cha mafuta

Naandika hapahapa kwenye stuli. Nipo peke yangu kwa dakika kumi.

Mpango ulikuwa rahisi. Nimsubiri Dokta Maige, nimwonyeshe barua kimyakimya, nikimbie nayo kwa dada Nisha. Kumbe kamati nayo imekuja! Watu watatu, na makabrasha. Mlinzi aliwaambia kuna mgeni kutoka chuo kikuu. Barua ikisomwa mbele yao, maabara inafungwa.

Dokta Maige aliponipa mkono alinusa. Bwana Masalu, koti limepigwa pasi, akamimina mbegu kwenye mashine, akazungusha mwenyewe. Jasho. Hakuna. Akazungusha. Halafu tone! Zito, jeusi kidogo, likafuatwa na jingine. Mafuta ya kwanza tangu Februari. Mmoja wa kamati akapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Kisha Dokta akafungua kitabu changu. Akapita kwa kidole. Wiki ya tano, muhuri. Ya sita, muhuri. Ya saba, ya nane.

"Leo tuko wiki ya ngapi, binti?"

"Ya tano."

Bwana Masalu aliendelea kufuta mashine kwa kitambaa, palepale, mahali pamoja. Mzee wa kamati akauliza kuna tatizo? Dokta akasema anataka kwanza kuona mitambo mikubwa, kama Bwana Masalu atawatembeza. Kitabu akaniwekea mbele, ukurasa wa mwisho, ule mtupu. Niandike kwa mkono wangu: nilikuwa wapi wiki hizi na nani alinifundisha nini. Akirudi atasoma, hapa, mbele ya wote.

Wakatoka. Bwana Masalu akawa wa mwisho. Hakunitazama usoni, alitazama mkoba wangu. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema endelea. Au kama mtu anayesema usifanye.

Nimeandika mstari mmoja: Bwana Masalu alinifundisha ukamuaji wa mafuta ya pamba, hatua kwa hatua, kila siku kuanzia saa tisa kasoro. Ni kweli tupu. Ningeweza kuapa. Mstari wa pili ndio unaogoma.

Saa tatu na dakika arobaini na tatu. Kutoka hapa mpaka kwa kina Hasham ni dakika kumi na tano, nikikimbia.

Wanarudi. Nasikia sauti ya Bwana Masalu kwenye korido, anawaeleza hapa mbegu zinaingia, hapa zinapikwa. Anaongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Anataka nijue wako karibu.

Barua iko ndani ya mkoba. Mkono wangu nao umeshaishika —