Ng'ombe wa Nkwimba na Digrii ya Pili

Baba Nkwimba, mwangaluka.

Nimetoka misa ya kwanza, nimekaa kwenye kiti chako cha kamba. Tumekuombea. Tangu ututoke mambo yamegeuka. Pamba sasa inanunuliwa na watu binafsi, wanakuja na magari na mizani zao, ghala letu la ushirika limefungwa. Na Masanja wetu, na digrii yake, amepunguzwa kazini. Yuko hapa nyumbani tangu mavuno.

Juzi alichukua barua posta Bariadi: amepata nafasi chuoni Dar, asome digrii ya pili. Serikali hailipi tena, ada ni juu yetu. Anasema, "Mama, digrii moja siku hizi ni kama darasa la saba la zamani." Mimi wa darasa la nne nikamwuliza hiyo ya pili inafundisha kitu gani ambacho ya kwanza ilisahau. Alicheka, lakini nikaona nimemuumiza. Mtu mzima, anashinda na shati la ofisini, ofisi hana.

Anataka tuuze ng'ombe wa mahari ya dada yake Nkwimba. Anasema ni haki yake, maana ng'ombe wa dada ndio humwozesha kaka, na yeye yuko tayari kuchelewa kuoa. Mdogo wako Shija amekubali, tena ananitania: "Shemeji, huyu anaoa vitabu. Angalau havitagombana na wewe jikoni."

Ningekubali, mume wangu. Ingeniuma, ila ningekubali. Lakini wiki mbili zilizopita Nkwimba alikuja kutoka Dutwa, hana mzigo, jicho limevimba. Akasema kajigonga mlangoni. Asubuhi nikamkuta amesimama zizini. Akaniuliza polepole, "Mama, bado wapo wote?"

Nikajibu wapo wote. Akarudi kwa mumewe siku hiyo hiyo, ameniapisha nisimwambie kaka yake wala baba yake mdogo.

Unaelewa alichouliza. Siku akimkimbia yule bwana, wakwe watadai ng'ombe wao. Tukiwa hatuna, tutamrudisha kule kule kwa mikono yetu. Ulikuwa ukisema, "Mahari usiyaguse mpaka binti azeeke kwake." Nilikuona mchoyo. Nisamehe.

Mnada ni Jumamosi, na Masanja ananiuliza kila tukila. Nikikataa nitoe sababu gani? Anadhani sithamini shule. Jana kasema, "Baba angeelewa." Nikatoka nje, nikasimama tu nyuma ya nyumba. Nimemwuliza, ukimaliza, kazi ipo? Akajibu, "Mungu akipenda." Hilo ni neno langu mimi, Baba Nkwimba. Nilitegemea waliosoma wana jingine.

Nasali. Nasali mpaka nasahau nilikuwa naomba nini, kwa ajili ya mtoto yupi.

Pumzika kwa Bwana, wala usisumbuke kwa ajili yetu. Ninakuahidi hili moja: kabla mtu hajafungua zizi, nitakwenda Dutwa nikae kwa Nkwimba siku mbili, nione kwa macho yangu anavyoishi. Habari za ng'ombe sitamwuliza, kwa sababu namjua. Atasema, "Uza, Mama, kaka asome." Nami sitakuwa na nguvu ya kumbishia.

Mkeo,
Mama Nkwimba