Kalamu ya Mkono Mmoja

Mchombe,
9 Juni 1996

Kwako binti yangu Paskalina,

Nakusalimu wewe, mkwe wangu Obadia na wajukuu. Mama yako hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Mimi nimezoea kuandika hapa kwamba ni mzima, lakini safari hii siwezi, na mwandiko huu wa penseli umeshakueleza kwamba kuna jambo.

Tarehe 11 Mei baba yako mdogo Fridolin alinikata kwa panga shambani, kwenye tuta linalotenga majaruba yetu ya mpunga. Nilikinga kichwa kwa mkono wa kushoto. Hospitalini Ifakara waliuondoa kwenye kifundo, maana ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Fridolin yuko mahabusu.

Usihangaike kuja, kaka yako Octavian yupo. Nina ombi moja. Polisi watachukua maelezo yangu nikipata nafuu, na nimewaomba niyaandike mwenyewe. Nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na tisa. Sitaki mtu mwingine aandike mambo yangu. Tatizo ni kalamu. Ile yangu ya wino ina kifuniko cha kuzungusha. Nilijaribu kuifungua kwa meno, wino ukamwagika shatini, mama yako akapiga kelele akidhani kidonda kimefumuka. Utasema nichukue biki. Biki inataka kukandamizwa, na karatasi inateleza kwa kuwa sina mkono wa kuishika. Nibu, ile ncha ya kalamu ya wino, inapita yenyewe. Wewe unauza vifaa vya ofisi hapo mjini. Je, hakuna kalamu ya wino inayofunguka kwa mkono mmoja?

Ni mimi baba yako,
Evod


Dar es Salaam,
27 Juni 1996

Baba yangu,

Shikamoo. Obadia na watoto wanakusalimu, na wote wana afya. Barua yako niliisoma dukani nimesimama, nikajikuta nimekaa juu ya maboksi ya karatasi. Mteja aliniuliza mara mbili bei ya bahasha, nikamtajia bei ya wino.

Kalamu zipo. Mwenye duka ana tatu kutoka Japani, ziko kwenye kabati la kioo na hazina mnunuzi. Hazina kifuniko kabisa. Nibu inajificha ndani ya mwili wa kalamu, inatoka pale tu unapoihitaji.

Ya kwanza ni nyeusi, ina pembe pembe kama penseli, kwa hiyo haibiringiki mezani. Unabonyeza kitako kwa dole gumba, nibu inatoka. Unabonyeza tena, inarudi ndani. Klipu yake, rangi ya dhahabu, imewekwa upande wa nibu, na ukiandika inakaa katikati ya vidole. Nilidhani itakera. Nimejaza nayo ukurasa mzima, na niliona inavielekeza vidole mahali pake. Tena ukiichomeka mfukoni nibu inatazama juu, wino hauvuji.

Ya pili ni umbo lile lile, ila ni maruni, na ncha zake mbili nyeusi. Ikipigwa na mwanga inazishinda zote kwa uzuri. Kivulini inafanana na damu iliyoganda. Nisamehe baba, nakueleza nilichokiona.

Ya tatu ni kijani kilichokolea, nyembamba, ya mviringo, ina mistari myembamba ya fedha kutoka juu hadi chini. Nibu yake ndiyo laini kuliko zote. Lakini hii haibonyezwi, inazungushwa kiunoni. Nimejaribu kwa mkono mmoja na nimeiangusha mara mbili.

Niambie unachagua ipi. Na uniambie na hili. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Simjui kama mtu wa kukata watu. Kulitokea nini kabla ya panga?

Binti yako,
Paskalina


Mchombe,
14 Julai 1996

Kwako binti yangu,

Salamu zako zimefika. Kidonda kimefunga, ingawa vidole ambavyo sinavyo bado vinaniwasha.

Nimesoma habari za kalamu mara nyingi kuliko unavyodhani. Moyo umependa ile ya kijani. Hakimu mmoja niliyemfanyia kazi alikuwa na yenye mistari hiyo ya fedha, na nilikuwa naitazama badala ya kumsikiliza. Lakini kuipenda hakutaniwezesha kuizungusha. Maruni sitaiweza, na mama yako naye hataweza kuiona mezani. Nitumie nyeusi ya pembe pembe.

Sasa hilo jingine. Nilimkuta Fridolin analiinua tuta, na niliona limesogea hatua mbili upande wangu. Nikamwambia alirudishe. Akasema, "Kaka, ni maji ndiyo yamelihamisha, mimi naliinua tu." Nilikuwa na mpini wa jembe. Nilimpiga mdomoni kabla hajafunga sentensi. Akaanguka kwenye tope, nikampiga tena mara mbili, na sikio lake likachanika. Ndipo aliposhika panga.

Hakuna aliyeona. Octavian anasema maneno hayo yaishie hapa nyumbani. Wiki iliyopita alikwenda akaichoma nyumba ya Fridolin. Scolastica, mke wa Fridolin, alitoka ndani nywele zinaungua. Mimi sikumtuma. Sikumkataza pia.

Baba yako,
Evod


Dar es Salaam,
3 Agosti 1996

Baba,

Shikamoo. Sisi tunaendelea.

Kalamu nimempa jirani yangu Klementina, anakuja huko kwa treni ya Tazara na atakukabidhi mkononi. Nimeweka na chupa mbili za wino, mweusi na wa bluu. Ukitaka kuijaza, bana chupa kwa magoti.

Katika maelezo andika na mpini wa jembe. Andika na sikio. Ukiandika nusu, baba, barua yako nyingine sitaifungua.

Paskalina


Mchombe,
30 Oktoba 1996

Kwako Paskalina,

Nakusalimu, nikitumaini utaifungua hii.

Kalamu ni kama ulivyoieleza. Siku mbili za kwanza klipu ilinisumbua, siku ya tatu niliisahau. Naibonyeza na kuirudisha hata nisipokuwa na la kuandika, mpaka mama yako ananiambia nimwache apumzike na mlio wake. Kwa barua hii nimetumia wino wa bluu. Kwa polisi nilitumia mweusi.

Niliandika kurasa nne, na sikuacha kitu. Mahakamani hakimu aliniuliza kama kuna mtu amenitisha. Nikasema hapana, ni mimi niliyeanza. Fridolin alikuwa kizimbani, meno ya mbele hana. Amefungwa miezi sita. Mimi nami nilishtakiwa kwa kumpiga, nikapewa kifungo cha nje.

Tuliporudi Octavian alinipiga kofi mbele ya mama yake. Akasema, "Umeukata mkono wako mara ya pili." Kisha akasema, "Atatoka, na mimi nipo." Nilidhani ni hasira tu, na hasira hupoa.

Baba yako,
Evod


Dar es Salaam,
8 Mei 1997

Baba yangu,

Shikamoo. Pole. Sijui niandike nini zaidi ya pole.

Mama amenipigia simu dukani kutoka Ifakara. Ameniambia baba mdogo ameuawa uani kwetu na Octavian amekamatwa. Anasema polisi wanasubiri maelezo yako, kwa sababu Scolastica alifika mambo yamekwisha.

Naikumbuka barua niliyokuandikia Agosti, na kila neno lake. Naomba uichome moto. Andika kwamba wewe na Octavian mlikuwa shambani tangu asubuhi. Baba mdogo hatarudi kwa lolote utakalosema, lakini kaka yangu watamnyonga. Nimekuomba mambo machache maishani. Hili nakuomba nikiwa nimepiga magoti, na Obadia ananiona.

Mwanao,
Paskalina


Mchombe,
25 Mei 1997

Kwako binti yangu Paskalina,

Nakusalimu na wote wa nyumbani kwako. Mimi ninakula na ninalala, zaidi ya hapo sina la kusema juu ya afya yangu.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Fridolin alitoka Jumatano. Jumamosi asubuhi alikuja uani, akasimama mbali kidogo, akasema, "Shikamoo kaka." Nikamletea kigoda. Hatukuombana radhi. Tulianza kuzungumza juu ya tuta, lilikuwa wapi enzi za baba yetu, na tukakubaliana kwamba hakuna kati yetu anayekumbuka vizuri. Alikuwa anataka kucheka.

Octavian alitokea nyuma ya nyumba na shoka. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili shingoni. Nilimkamata Octavian kiunoni kwa mkono huu mmoja, akanitupa kama gunia tupu, akarudi kumpiga la tatu. Kisha akalitupa shoka kwenye mahindi na kwenda kunawa.

Barua yako ilinikuta sijaandika, maana polisi walinipa muda nitulie. Nilikaa mezani nikaandika kama ulivyotaka. Shambani, mimi na Octavian, tangu jua linachomoza. Yalitoka vizuri. Nilivyoyazoea maelezo ya mahakamani, najua hakimu angeyaamini. Nilimsomea mama yako, akaniambia, "Yapeleke."

Niliyasoma tena peke yangu. Katika maelezo yale Fridolin alikufa pale uani bila mtu. Si kweli. Alikufa ameegemea kifua changu, akiniuliza mbona giza limeingia mapema, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilimwambia alale, nitamwamsha. Nisingeweza kuweka saini chini ya karatasi inayosema mdogo wangu alikuwa peke yake.

Niliandika upya, kurasa tatu, na nikazipeleka mwenyewe Ifakara.

Mama yako amehamia kwao, kijiji cha Mbingu, na hasemi nami. Octavian nilimpelekea wali na samaki mahabusu. Aliupokea, hakuinua uso. Kesi itasikilizwa Mahakama Kuu itakapokaa, tarehe bado, na mimi ni shahidi wa kwanza.

Njoo siku hiyo. Ukifika usinitafute mimi, nenda ukae upande wa kaka yako, mahali anapoweza kukuona. Atahitaji mtu wake mle ndani, na mimi sitaweza kuwa huyo mtu.

Ni mimi baba yako,
Evod