Uso wa Baba Katika Ukurasa Wako

Namakwekwe,
S.L.P. 873,
Mbale.
22 Agosti 1999

Mpendwa mdogo wangu Timothy,

Pokea salamu zetu kutoka huku nyumbani, ambako mvua imekaa juu ya mlima Wanale tangu Jumatatu, haishuki wala haiondoki. Hujambo? Kifua chako je? Uliandika kwamba baridi ya mwaka jana huko Winnipeg ilikuachia kikohozi, na mama huniuliza habari za kikohozi hicho kila siku, kana kwamba nakisikia kutoka hapa. Mimi ni mzima. Mume wangu Ronnie ni mzima, anaendelea na duka lake la vipuri vya baiskeli. Racheal wetu mdogo ameota meno ya mbele na anacheka na kila mpita njia ili yaonekane.

Mama naye ni mzima wa mwili. Utaona mbele kwa nini nimeandika "wa mwili".

Barua yako yenye anwani ya ukurasa wako wa intaneti ilifika salama. Uliniambia, "Wewe ni mwalimu, dada. Kosoa kama unavyokosoa madaftari, usinionee huruma." Nimechelewa kujibu kwa sababu ukurasa huo ulitupeleka mahali ambapo hatukupanga kwenda. Nitakueleza yote, lakini nianze na ulichoniomba.

Hapa Mbale sikupata kompyuta ya kuufungulia. Nikamkumbuka Kavita, yule anayetuchapia mitihani ya shule kule Jinja. Baba yake, Mzee Jayant, alirudishiwa jengo lao la zamani walilonyang'anywa Wahindi walipofukuzwa, na sasa wanachapa kadi za harusi na kalenda. Wana kompyuta iliyounganishwa na simu. Nilitaka kwenda peke yangu kwanza, nitazame, halafu nimsimulie mama. Lakini asubuhi nilimkuta amekwisha kuvaa gomesi yake ya kanisani, amekaa mlangoni na mkoba mapajani.

"Ni mume wangu," akasema. "Siwezi kusimuliwa."

Basi tukaenda sote wawili. Kavita alitupokea vizuri, akampa mama kiti chenye mto. Simu ikapiga mluzi, ikakoroma, kisha kioo kikawa cheusi chote. Mama akadhani umeme umekatika. Halafu picha ikaanza kuja kutoka juu, polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetoka majini. Kwanza kofia. Mama akasema, "Hiyo kofia niliipiga pasi mimi." Likaja paji la uso. Yakaja macho. Ikafika chini ya pua, ikasimama.

"Laini imekatika, mama," Kavita akasema. "Ngoja kidogo, napiga tena."

Mama hakumsikia. Alikuwa amesogea hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Mbona mdomo hautoki?" akauliza. "Docus, anataka kusema. Mbona wamemzuia mdomo?"

Mara ya pili ilifunguka yote, na hapo ndipo nilipoona ulivyoitumia ile picha. Timothy, mdogo wangu, umeifanya kitambaa. Uso wa baba umerudiwa juu, chini, kushoto, kulia, kama maua ya kitenge, na nyuso za pembeni zimekatwa nusu. Huku jicho moja, kule sikio na bega. Juu ya nyuso hizo umeandika maneno yako kwa herufi nyekundu. Popote nilipotaka kusoma nilikuta jicho lake linanitazama katikati ya neno. "Alikuwa mtu mpole" imepita juu ya koo lake. Nilishindwa kusoma. Mama naye aliinua mikono kama anayejikinga na jua. "Mbona wamekuwa wengi hivi?" akauliza. "Yupi kati yao ni Geresom?"

Najua hukukusudia ubaya. Ulikuwa na miaka mitatu alipoondoka, na hiyo ndiyo picha pekee uliyonayo. Mtu mwenye picha moja hutamani ziwe nyingi. Lakini unaona ilivyotokea.

Mengine ni haya. Rangi nyeusi iliyo nyuma ya nyuso ni nzito mno, inakumbusha zile jioni za laini za askari, zile nyumba za kambini kule Jinja, tulipoagizwa tusiwashe taa. Wewe huzikumbuki; mimi na mama tunazikumbuka. Ule mshumaa unaotikisika ungeuondoa, kwa sababu hauishi wala haupungui, na mshumaa wa namna hiyo unatisha. Neno "Karibu" linalowaka na kuzima lafaa hoteli. Picha yako ukiwa kwenye theluji na wenzako wa chuo ni nzuri, nilifurahi kukuona umenenepa, ila umeiweka juu kabisa nayo ni kubwa kuliko jina la baba. Halafu kule chini kuna kihesabio cha wageni waliopita. Kavita alipomweleza mama maana ya ile namba, mama aliuliza hao watu ni akina nani, na walitaka nini kwa mume wake.

Nakusifu kwa jambo moja. Uliandika jina lake lote, Koplo Geresom Wangolo, bila kulikata. Nilipoliona nililia.

Lakini chini ya jina umeweka miaka, 1938 na 1979, yenye kistari katikati, kama inavyoandikwa kaburini. Mama hajui kusoma sana, namba anazijua. Aliweka kidole juu ya ule mwaka wa pili, hakukiondoa. Kavita akatoka kutuletea chai. Nilimwambia mama kwamba wewe uliweka tu mwaka tuliomwona mara ya mwisho, wakati wa vita, alipopanda lori na wenzake pale laini.

Akanijibu bila kunitazama: "Mwaka si huo. Rajab alikuja kuniambia mwaka mwingine."

Rajab ni dereva wa lori la jeshi aliyekuwa rafiki wa baba. Nilimjua utotoni, sikujua kama aliwahi kufika kwetu Mbale. Mama hakuwahi kutamka. Miaka ishirini kila aliyeuliza aliambiwa baba yuko safarini, nasi tulizoea hivyo. Sasa akiwa amesimama kwenye baraza ya kiwanda cha chapa, akaniambia nimpeleke Buwenge, si mbali na Jinja, siku hiyo hiyo, maana alisikia Rajab anaishi huko.

Tulimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Amezeeka, mguu mmoja umelemaa. Alipomwona mama aliweka kisu chini.

"Nabifo," akasema. "Nilijua utakuja. Sikujua utakawia kiasi hiki."

"Niambie sasa," mama akasema. "Yale uliyokuja kuniambia."

Timothy, nakuandikia alivyosema, soma ukiwa umekaa. Baba hakufa vitani. Kikosi chao kilipotawanyika, alitupa magwanda akajificha Masese, kule ziwani, pembeni tu mwa mji wa Jinja. Siku hizo askari wa serikali iliyoangushwa walikuwa wakikamatwa, hakuthubutu kutoka. Mambo yalipopoa kidogo alikwenda usiku hadi laini, akakuta watu wengine nyumbani kwetu. Wakamwambia mke wake na watoto waliuawa njiani wakikimbilia Mbale. Aliamini. Kwani ni wangapi waliouawa njia ile? Akarudi Masese, akajiita Yonasani, akawa anashona nyavu za watu.

Rajab mwenyewe alikuwa amekimbilia Kenya. Aliporudi mwaka 1984 alimkuta baba hapo, amekonda, anatapika damu. Rajab ndiye aliyemwambia kwamba tuko hai, tuko Namakwekwe. Baba akamshika mkono akasema, "Niletee Nabifo. Usimwambie naumwa, asije akiwa analia."

Rajab akaja. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Mama alimwona mtu amechakaa, anasema anajua mume wake alipo, twende sasa hivi. Unajua wajanja wangapi walikuja kwa wajane siku zile na maneno hayo hayo, wakitaka nauli na chakula cha mfungwa ambaye hakuwepo. Mama alikwisha kudanganywa mara mbili. Na huyo Rajab mwenyewe mama alimwogopa, maana alikuwa amesikia kwamba amekuwa mpelelezi. Akafunga mlango. Rajab alikaa nje hadi jua likazama, na aliporudi Masese walikuwa wamekwisha kumzika.

"Nilirudi tena Mbale," Rajab akasema. "Nikakuambia kupitia dirisha, Geresom amekufa mwaka huu. Ulisikia?"

"Nilisikia," mama akasema.

Alisikia, Timothy. Akaendelea kutuambia yuko safarini. Nilimtazama mama yangu pale kwenye maganda ya mihogo.

Tulilala kwa Rajab, kesho yake akatupeleka Masese. Tulipita katikati ya vibanda vya samaki hadi kwa mama mmoja wa kutoka kaskazini anayeitwa Night. Yeye ndiye aliyempangisha baba chumba cha nyuma. Ni mwanamke mnene, mikono imekuwa myeusi kwa moshi wa kukausha samaki. Rajab alipomtajia Yonasani, aliacha kazi.

"Huyo mzee alikuwa nakaa hapa," akasema. "Alikuwa mzuri. Hakuwa nasema mingi. Lakini akilala, naita. Kila siku naita jina moja tu."

"Jina gani?" mama akauliza.

"Nabifo. Nabifo. Mimi nilifikiri ni jina ya mji."

Mama akasema, "Ni mimi."

Night alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Hakusema pole. Alimshika mkono akamwongoza nyuma ya majiko, mahali pembeni ambapo nyasi zimefyekwa na mawe yamepangwa kuzunguka. Alisema hajaruhusu mtu ajenge hapo, kwa sababu wiki za mwisho mzee alijikokota kila asubuhi hadi mahali hapo, akakaa akitazama njia inayotoka mjini, na alipoulizwa alijibu kwamba anangoja wageni. Walimzika pale pale, uso ukielekea njia ile.

Mama alipiga magoti. Nilidhani atalia kwa sauti ili watu wakusanyike, kama ilivyo desturi. Alifuta mawe kwa ncha ya gomesi, moja baada ya jingine, akawa anamweleza baba habari kwa sauti ya chini. Nilisikia jina lako. Alimwambia uko ng'ambo, unasoma, unakohoa.

Tangu turudi hajambo wakati wa mchana. Jioni hukaa mlangoni, na mtu yeyote akipita njiani humkaribisha ndani, hata asiyemjua. Juzi aliingiza mchuuzi wa mkaa akampa chakula. Mchuuzi alikula kwa woga, kwa sababu mama alisimama karibu akimtazama mdomo.

Sasa, kuhusu ukurasa. Mama hataki uuvunje, ila ana haya anayotaka, nami nayaunga mkono. Nyuma pawe peupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Picha iwe moja tu, katikati, nzima, na neno lolote lisipite juu yake. Kavita anashauri uipunguze uzito, ili ifunguke kwa mara moja pasipo kukwama puani. Ondoa mshumaa. Ondoa kihesabio. Ile picha ya theluji na mambo yako mengine ya masomo na mpira yahamishie ukurasa wake mwenyewe, una haki nayo, ni maisha yako. Mwaka wa 1979 uufute uandike 1984, na chini yake uandike Masese. Nilimuuliza mama kama tuandike pia jina la Yonasani. Alifikiri sana, akasema tuliandike, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya waliomzika.

Tutakwenda kumjengea kaburi Desemba, shule zikifungwa. Mchungaji amekubali, na Rajab atakuwepo. Ukiweza kuja, njoo. Ukishindwa, mama anasema utume udongo kidogo wa huko unakoishi kwenye bahasha. Usiniulize kwa nini, sijui.

Shangazi Namono anakusalimu, amepata nafuu ya magoti. Ronnie anakusalimu, na Racheal amekuchorea kitu, anasema ni ndege, nimekiweka humu ndani. Kavita pia anakusalimu, ingawa hamjaonana.

Mama anakusalimu kuliko wote, naye ana swali alilonituma nikuulize. Anataka kujua, ukizima hiyo mashine yako usiku ukaenda kulala, baba anabaki wapi? Nilimwambia hapati shida, ni picha tu. Akasema hakuniuliza mimi, amekuuliza wewe uliyemweka humo. Mjibu, Timothy, na umwandikie yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Mungu akufunike katika nchi hiyo ya mbali, akutoe kikohozi, na siku atakayokurudisha ukute njia iko wazi na mlango wetu haujafungwa.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Docus