Siku Tuliyomkalisha Ofisa kwa Wimbo

Jumamosi, Novemba 2006. Manyunyu tangu asubuhi, soksi zimelowa, na bado natabasamu kama mjinga.

Leo tulikuwa na mkutano kuhusu ukumbi wetu wa hapa mtaani Nechells, huku ughaibuni. Baraza la jiji linataka kuufunga. Humo ndimo wazee wetu hula pamoja kila Jumatano. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha Wakenya, na nakiri: mkutano uliopita sikufungua mdomo.

Wazo la wimbo lilitoka kwa Teresa, mwenzangu kazini. Yeye ni Mchikano, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, na wazazi wake walichuma zabibu California. Anasema wachumaji walipogoma kudai haki zao, nyimbo ndizo zilizowashikilia pamoja. Walichukua tuni inayojulikana, wakaingiza shida ya siku hiyo na majina ya watu wao. Basi nikachukua tuni ya pambio la kanisani, nikaweka majina tisa ya watu wa ukumbi wetu.

Tulipanga kuuimba mwishoni.

Lakini ofisa wa baraza akaongea, akaongea, mpaka Mama Wambui, kiongozi wa kwaya yetu, akaninong'oneza: "Huyu hamalizi leo. Wacha tumkalishe."

Kwetu Kenya mzungumzaji akizidisha, kina mama humwimbia mpaka akae. Kabla sijamzuia alishauanzisha wimbo wetu, na ukumbi mzima ukaitikia. Maskini yule bwana, karatasi mkononi, hajui kama anashangiliwa au anafukuzwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipomaliza akauliza, kwa upole, tumeimba nini. Wote wakanigeukia.

Nikasimama, nikatafsiri kwa Kiingereza mstari kwa mstari. Mzee Otieno, aliyefiwa na mkewe, ambaye Jumatano ndiyo siku pekee anayokula na watu. Akasimama. Halima wa mtaa wa Sparkbrook, anayepanda mabasi mawili kuja kumpikia. Akasimama. Hivyo hivyo hadi wote tisa.

Kisha Mama Wambui akaimba jina la kumi, ambalo sikuliandika.

Langu. Nami nilikuwa nimeshasimama.

Yule bwana akairudisha karatasi mkobani. Alisema hatasoma uamuzi wowote mpaka madiwani waje wenyewe kutusikiliza. Hatujashinda, najua. Ila Jumatano hii wazee watakula.

Nimefurahi sana. Tayari kuna walionuna kwa kuwa hawakuimbwa, nimewaahidi beti zao. Sauti imenikauka kabisa. Kesho kanisani nitachezesha midomo tu, na Mungu atanielewa.